Bwana Mbio Anaondoka kwa Mara ya Tatu

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita katika idara ya kamusi, Mhariri Mwandamizi wetu, ambaye jengo zima linamjua kwa jina la Bwana Mbio, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wasomaji wa jarida hili wenye kumbukumbu nzuri watasema habari hiyo wameshaisoma. Ni kweli. Wameisoma mara mbili, na mara zote mbili niliiandika mimi. Mara ya kwanza nilimtakia mapumziko mema, Jumatatu nikamkuta kwenye kiti chake. Mara ya pili nilimtakia mapumziko mema na marefu, akarudi Jumanne, na hiyo ni kwa sababu Jumatatu ilikuwa sikukuu.

Kwa hiyo msinilaumu mkiniona naandika kwa kujivutavuta. Keki mbili zimeshaliwa, hotuba mbili zimeshatolewa, na saa ya ukutani tuliyompa kumuagia ipo nyumbani kwake, inahesabu muda ambao mwenyewe alikuwa huku. Ofisini hakuna anayeuliza keki ya safari hii itakuwa ya aina gani. Swali ni moja tu: je, atakwenda kweli? Na anayelingoja jibu kwa hamu kuliko sisi sote ni mkewe, shemeji yetu, fundi cherehani, aliyefunga duka lake wiki ileile ya keki ya kwanza ili wazeeke pamoja. Tangu hapo amekuwa akizeeka peke yake.

Chanzo cha yote ni neno moja la Kiingereza lenye herufi tatu: run. Kwa mtoto wa shule ni neno dogo, maana yake kukimbia, basi, akacheze. Kwa Bwana Mbio limekuwa mpangaji asiyehama. Ukimwuliza habari za asubuhi atakujibu kwa neno moja. Ukimwuliza habari za run, vuta kiti kabisa.

Mambo yalianza mwaka wake wa kwanza kazini. Wakati huo idara ilichukua pia kazi ndogondogo za kutafsiri, na yeye, mwalimu aliyetoka darasani juzi tu, akakabidhiwa maelekezo ya pampu ya maji iliyokuwa ikifungwa kwenye kisima cha mtaa mmoja wa pembezoni. Maelekezo ya Kiingereza yalionya kwamba pampu isiachwe inafanya kazi kisima kikiwa kikavu, na neno walilotumia kwa kufanya kazi lilikuwa hilohilo run. Kamusi ndogo tuliyokuwa nayo ililipa maana moja tu. Bwana Mbio, kijana mtiifu, akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: "Hakikisha pampu haikimbii wakati hakuna maji."

Mlinzi wa kisima alikuwa mtu makini. Alisoma, akasoma tena, akaenda kununua mnyororo. Kiangazi kilipoingia na maji yakapungua, aliifunga pampu kwenye nguzo, akatia kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni. Pampu haikukimbia kweli. Ilibaki palepale ikinguruma bila maji mpaka ikaungua, na mtaa mzima ukarudi kuteka kwa ndoo na kamba.

Wengine tungejificha. Yeye alipanda basi akaenda kuomba radhi. Mlinzi hakumgombeza. Alimwonyesha lile kufuli na kumwuliza kwa upole kama pengine angeongeza mnyororo wa pili. Bwana Mbio alichukua likizo yake yote ya mwaka, akashinda kisimani akivuta kamba pamoja na watu hadi pampu mpya ilipofika, na alirudi ofisini viganja vimejaa malengelenge. Akina mama wa kisimani ndio waliompa jina la Bwana Mbio, na jina likapanda naye basi likaja mjini. Kisa hicho humsimulia kila mfanyakazi mpya, bila kujitetea. Akifika kwenye kufuli hucheka mpaka machozi yanamtoka, na sidhani kama yote ni machozi ya kicheko.

Jina lenyewe linachekesha zaidi ukimfahamu mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha hatua. Siku king'ora cha moto kilipolia, tulishuka ngazi roho mkononi. Yeye alimaliza sentensi, akafunika kalamu, akashuka akisalimia watu wa kila ghorofa na kuwauliza watoto hawajambo. Alipofika chini tulikuwa tumeshaambiwa kwamba ni mkate uliosahaulika kwenye kibaniko.

Lakini kule kisimani aliokota jambo ambalo lilikuja kuwa sheria ya idara yetu. Watu walipoizungumzia pampu mpya, hakuna aliyesema inakimbia, na hakuna aliyesema inafanya kazi, kama yeye alivyokuwa amepanga kusahihisha. Walisema inavuta. "Leo inavuta vizuri," wanaambiana, na wanaweka ndoo. Bwana Mbio anasema alijisikia kama mtu aliyekuwa akitafuta miwani yake huku ameivaa mwenzake.

Tangu hapo hakukubali maana yoyote iingie kwenye kamusi kwa nguvu ya kitabu peke yake. Lazima isikike kwa watu wawili wasiojuana, kila mmoja akiwa katika shughuli zake, na, hapa ndipo penye kazi, bila kuulizwa. Alituambia kwamba ukimwuliza mtu neno atakupa la wageni, lile analolivalisha viatu kwanza. Ukikaa kimya ukamngoja, atakupa la nyumbani. Safari hizo za kwenda kungoja maneno tunaziita "kwenda sikio". Maana ikishasikika mara mbili, aliyeileta huwapikia wenzake chai, nayo ndiyo "chai ya maana". Kuna maneno yaliyotupa kikombe kimoja yakatosheka. Run limetunywesha hadi Mama Chai, anayetunza jiko letu dogo la ghorofani, akaomba anunuliwe birika kubwa.

Basi Bwana Mbio akaenda sikio mahali pengi ambapo watu wa heshima zake huenda kwa dharura tu. Gereji alikalia tairi bovu, akijifanya anamngoja mtu, mpaka fundi alipompigia kelele mwenzake: "Usiizime, iache iwake!" Kwa kinyozi alishinda asubuhi nzima, ingawa kichwani hana cha kunyolewa, akingoja kusikia kitana kinafanywa nini kwenye nywele. Kinapitishwa. Hospitali alijipanga katika foleni ya watoto, akamsikia mama mmoja akilalamika kwamba mwanawe makamasi yanamchuruzika, na mwingine kwamba wake mwili unamchemka. Nesi alidhani ndiye babu, akampakatisha mtoto. Aliondoka pale na maana mbili na mafua ya wiki nzima.

Siku ninayoikumbuka kwa furaha ni ile ya ukuta. Waingereza husema barabara au ukuta nao unafanya run, ukitoka hapa kwenda kule, na sisi tulikuwa tumeandika "kuelekea" kwa shingo upande. Bwana Mbio akakuta mahali panapojengwa, akasimama upande wa kivuli. Baada ya muda mwashi mkuu akamwambia mwenye nyumba kwamba ukuta utaambaa njia mpaka getini. Utaambaa! Alirudi ofisini uso umemkunjuka, analirudia neno hilo taratibu kama mtu anayemung'unya peremende, na siku hiyo chai tulikunywa kabla hata hajampata mtu wa pili. Ni mara pekee aliyovunja sheria yake.

Siku ya dobi sitaisahau kwa sababu nyingine. Alitaka kusikia watu wanasemaje rangi ya nguo inapotoka na kuingia kwenye nguo nyingine. Alikwenda kwa dobi mara kadhaa, na kwa bahati mbaya dobi alikuwa hodari, hakuna nguo iliyoharibika. Subira ikamwishia. Akachukua kitambaa kipya chekundu cha Shemeji, akakificha katikati ya mashati yake meupe ya kazini, akapeleka furushi zima na kukaa kwenye benchi kusubiri. Alilipata neno, tena kwa sauti ya juu: "Nani kaniwekea humu kitambaa kinachochuja?" Alipata pia mashati ya waridi, ambayo aliyavaa msimu mzima kwa sababu mengine hakuwa nayo. Alipoyafikisha nyumbani, Shemeji alimtazama, akalitazama furushi, akasema kwamba angemwuliza yeye angemwambia bure. Bwana Mbio akamjibu kwamba sheria hairuhusu kuuliza.

Ninataka kumzungumzia Shemeji kidogo, maana bila yeye wasifu huu ungekuwa umekosa nusu yake. Alishona miaka yote katika chumba kimoja kinachotazama barabara, cherehani moja ya miguu na nyingine ya umeme, na tepu shingoni hata anapokwenda harusini. Mashati yote ya mumewe kashona yeye, na mfuko wa kifuani huutia mshono wa ziada kwa ajili ya kalamu. Ana maneno machache na macho makali. Mimi mwenyewe niliwahi kumpelekea suruali niongezewe kiunoni, akanipima na kuniambia: "Shemeji, hii kamusi yenu inaliwa?"

Sasa turudi kwenye ile keki ya kwanza. Umri wa kustaafu ulikuwa umefika, ukumbi umepambwa, Shemeji amekaa mbele amevaa gauni alilojishonea. Mkurugenzi alikuwa katikati ya hotuba Mama Chai alipopiga ukelele kutoka meza ya pembeni: "Jamani, mshumaa unachuruzikia keki!" Tulicheka. Bwana Mbio hakucheka. Kuchuruzika alikuwa nako kwa damu, kwa jasho na kwa makamasi, lakini kwa nta hakuwa nako. Nilimwona mkono unapanda polepole hadi mfukoni, kalamu ikatoka, na nikajua nimeandika wasifu wa bure. Aliomba mkataba wa mwaka mmoja akapewa.

Keki ya pili haikuwa na mshumaa, tulishajifunza. Tukasahau kwamba kuna mkwewe, fundi wa kompyuta, tuliyemwomba aje atuonyeshee picha za zamani ukutani. Kijana wa watu alihangaika na mashine yake, akanong'ona peke yake: "Programu inafunguka lakini haiendi." Bwana Mbio aliweka sahani chini. Mambo yote ya kompyuta tulikuwa hatujayagusa kabisa! Zawadi ya siku hiyo ilikuwa viti viwili vya barazani, vya mbao, vyenye mikono mipana. Vilikwenda nyumbani kwa gari la ofisi pamoja na Shemeji. Mumewe alibaki nyuma ya mkwewe, kimya, anangoja aseme tena.  Dereva alitusimulia kwamba walipofika Shemeji alimwomba tu avipange viti pamoja, kimoja kando ya kingine, kisha akamshukuru.

Miezi michache baadaye nilipita pale nyumbani kumsalimia. Shemeji alikuwa ameshavishonea viti mito, kitambaa cha kijani chenye ukingo mweupe. Mto mmoja ulikuwa umebonyea na kupauka. Mwingine ulikuwa umevimba vilevile kama ulivyotoka kwenye cherehani. Niliposogea nikalie ule mpya alinizuia kwa adabu: "Hicho kina mwenyewe, shemeji. Chukua stuli." Nikachukua stuli. Tuliongea ya watoto na ya bei za vitambaa, na wakati wote huo nilikuwa naona haya, kwa sababu mwenye kiti nilikuwa nimemwacha ofisini, na asubuhi ile nilikuwa nimempongeza kwa maana mpya.

Nawaomba vijana wa idara msije mkadhani tulikuwa tukichezea muda. Leo neno run limechukua kurasa sita za kamusi, na hakuna mstari hata mmoja uliowekwa ili kujaza nafasi. Muuguzi anayeandika maelezo ya dawa atakuta namna watu wanavyosema kuhusu homa. Mwandishi wa habari atakuta mtu anagombea, gazeti linatoa habari, maonyesho yanadumu. Mwenye duka analiendesha, mwenye safari anaishiwa mafuta, na anayemwandalia mwenzake maji ya kuoga anamkingia. Idara ya maji imechapisha upya maelekezo ya pampu zake zote, na Bwana Mbio ndiye aliyeyapitia. Yule mlinzi wa kisima, mzee sasa, alipelekewa nakala ya kwanza. Alisoma, akasoma tena, na tunaambiwa kwamba hakwenda dukani.

Mkurugenzi alitaka kurasa hizo sita ziwe tatu. Bwana Mbio hakubishana. Alimwomba tu achague mwenyewe watu wa kuwaondoa: mwashi, dobi au mama wa foleni. Mkurugenzi alikaa na kurasa hizo siku nzima, akazirudisha zote sita. Kwa hili tunamshukuru naye pia.

Kilichombadilisha Bwana Mbio safari hii hakikutoka kwa Mkurugenzi, wala kwetu. Mwezi Machi alikuwa amebakiwa na maana moja ya ufundi wa kushona: ile mishono mirefu ya mkono ambayo fundi huipitisha haraka haraka ili kushikiza kitambaa kabla ya kukitia cherehani. Waingereza nayo huiita kwa neno hilohilo. Alizunguka kwa mafundi wa mji, duka baada ya duka, akijifanya anachagua vifungo. Alimpata mmoja tu aliyesema "nipige bandi kwanza". Wa pili hakutokea. Wengine walinyamaza na kazi, wengine waliwasha redio. Wiki zikaenda, na tukaanza kunong'ona kwamba mkataba wa tatu unanukia.

Jioni moja alikuwa nyumbani anakula, Shemeji amekaa upande wa pili wa meza na pazia la dirishani mapajani. Mjukuu akamwita bibi aje aone kitu. Shemeji akamjibu, uzi mdomoni: "Subiri nipige bandi hapa, naja." Bwana Mbio anasema kijiko kilimganda mkononi. Hakufurahi. Alijiuliza ni mara ngapi katika ndoa yao mkewe alikuwa ameshalisema neno hilo, kwenye chumba hicho, mbele ya sahani hiyo, na jibu likamtia simanzi. Duka zima la maneno lilikuwa likifunguliwa kila siku nyumbani kwake, na yeye alikuwa akipita mlangoni kwenda kukaa kwenye benchi la dobi.

Kesho yake alifika ofisini. Akamwomba Mama Chai ampishe jikoni, akaipika chai ya maana kwa mikono yake, akatumiminia mmoja mmoja. Tulipoanza kumpongeza alitwambia maneno ambayo nayaweka hapa kama alivyoyasema: "Nimeusikiliza mji mzima isipokuwa nyumba moja. Mwezi wa sita nakwenda, na mkataba msinitengenezee." Halafu akaketi. Chai ilikuwa na sukari nyingi mno, na hakuna aliyethubutu kusema.

Kuanzia hapo alitumia siku zake kumkabidhi kazi Mama Pacha, mhariri mwenzetu ambaye watoto wake wawili wamemfundisha kusikia mazungumzo mawili kwa wakati mmoja, sifa inayohitajika sana katika kazi hii. Alimpeleka gereji, akampeleka kwa dobi, ambaye kwa taarifa yenu bado hajasamehe. Hata hivyo, niseme ukweli, mimi sikuamini. Nilishaandika mara mbili. Mtu aliyeumwa na mshumaa huogopa hata tochi, na mimi nilimngoja Bwana Mbio nikijua kwamba neno lolote linaweza kumrudisha.

Jumamosi iliyopita, akiwa tayari kwenye likizo yake ya mwisho, nilimpelekea rasimu ya wasifu huu aikague tarehe. Nilimkuta barazani. Shemeji alikuwa kwenye kiti chake, bakuli la maharage mapajani, anachambua. Bwana Mbio alikuwa kwenye kile kingine. Mimi nilipewa stuli. Uani palikuwa na seremala anawajengea nyumba ya kuku: upande mmoja kibanda cha mbao, upande wa pili nafasi ya wazi iliyozungushiwa waya ili kuku watembeetembee bila kutoroka. Nafasi hiyo ya waya Waingereza wanaiita run. Nilikumbuka hilo ghafla, na nikakumbuka pia kwamba katika kurasa zetu zote sita haimo.

Seremala alikuwa anamweleza Shemeji ramani yake, misumari mdomoni. Alinyoosha nyundo kwenye kibanda akasema huku kuku watalala. Kisha akainyoosha kwenye waya akasema: "Na huku ndiyo matembezi yao."

Matembezi! Mkono wangu wenyewe uliruka mfukoni. Nikamtazama Bwana Mbio, na nikaona wazi kwamba amelisikia, kwa sababu kichwa kilielemea upande kidogo kama kawaida yake. Shemeji naye aliacha kuchambua. Hakumtazama mumewe. Aliyatazama maharage, vidole vimetulia ndani ya bakuli, na pale barazani tukawa watu watatu tunaongoja kitu kimoja. Mkono wa Bwana Mbio ukapanda polepole hadi kwenye mfuko wa kifuani, ule wenye mshono wa ziada. Akaingiza vidole viwili. Akatoa mbegu za bilinganya.

Alizimimina kiganjani, akamwonyesha mkewe, akamwuliza kama ni mapema mno kuzipanda kando ya ule waya. Shemeji alivuta pumzi, akaendelea kuchambua, akamwambia kuku watazifukua zote, labda upande ule wa ukuta. Wakaanza kubishana kuhusu jua la asubuhi na jua la mchana. Nilipoaga, Bwana Mbio alinisindikiza hadi getini kwa mwendo wake uleule. Akaniambia nimsalimie Mama Pacha, na nimweleze kwamba huku mtaani kuna seremala mzuri, aje akae kwenye stuli, na asimwulize kitu. Niligeuka nikiwa barabarani. Kiti chake kilikuwa bado kitupu, na mto wake wa kijani ulikuwa umebonyea katikati, umeshaanza kufanana na wa jirani yake.

Sherehe ya kumuaga itafanyika ukumbini saa nane mchana. Keki haitakuwa na mshumaa, mashine ya picha imefungiwa stoo, na wafanyakazi wote wanaombwa wazungumze mambo ya kawaida. Haya ni matayarisho ya mazoea tu. Sidhani kama tunayahitaji tena.

Bwana Mbio, kwa niaba ya idara na ya kila mtu ambaye kauli yake umeiweka mahali pa heshima bila yeye kujua, tunakushukuru. Umetufundisha kunyamaza na kungoja, nasi ni watu wa maneno mengi. Shemeji, tunakushukuru wewe zaidi, na tunakuomba radhi kwa muda tuliokukalia naye. Bilinganya zenu zistawi, kuku wenu wafurahie matembezi, na wajukuu wapate babu mwenye nafasi. Kiti chako cha dirishani, cha hapa ofisini, tumempa Mama Pacha. Kile cha barazani, kama tulivyoambiwa zamani, kina mwenyewe.